Kilo za Wachuka

Kufikia Novemba ya mwaka ule wa mvua ya El Nino, Kananu alikuwa ameshaua watoto kumi na mmoja, wote kwa kalamu. Wa kwanza alimuua kwa kusahau nukta. Wa pili alimuua kwa kugawanya mahali pa kuzidisha. Watatu waliofuata walikufa siku moja, kwenye mtihani wa asubuhi, hata chai ya saa nne haijaletwa. Mwalimu Theuri hakuwa mtu wa kuandika "kosa" wala kuweka alama ya mkasi kama walimu wengine. Kando ya kila jibu baya aliandika kwa wino mwekundu: Marehemu. Akapiga mstari chini yake, akakurudishia karatasi bila neno.

Lynn, aliyekaa naye chumba kimoja huko Ruring'u, alikuwa na kichwa cha hesabu na mdomo wa pilipili. Kila jioni alimuuliza, "Leo umezika wangapi?" Kananu alicheka, kwa sababu usipocheka na mwenzako wa chumba utacheka na nani, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha meno tu. Kila asubuhi ya mtihani alienda choo mara mbili, na mara ya tatu akaenda kukaa tu.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwao ni upande wa Chuka, na miaka mitatu aliuza dawa dukani sokoni, kazi ya kusema kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Hospitali moja ya misheni karibu na mji wa Nyeri ilipotangaza kozi ya miezi minane ya wahudumu wa ambulensi, kanisa la kwao lilimwandikia barua, wazee wakamwombea, mama yake akamfungia blanketi mbili kwa ajili ya baridi ya Nyeri. Hakuna aliyemwambia kwamba baridi ndiyo ingekuwa shida ndogo.

Kufunga mguu uliovunjika alijifunza kwa wiki moja. Kuzuia damu, kubeba mgonjwa wa mgongo, kumzalisha mama ndani ya gari, yote hayo aliyaweza, na mikono yake ilisifiwa. Dawa za watu wazima nazo hazikumsumbua. Mtu mzima ana dozi yake, imeandikwa, inajulikana. Mtoto ni hesabu mpya kila anapoletwa. Kilo zake ni zake, na ukikosea nukta moja, yeye ndiye atakayelipa. Kananu aliliogopa jambo hilo waziwazi, tena hakuona aibu kuliogopa. Aliyemshangaza ni yule asiyeogopa.

Theuri alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, mwenye sweta moja ya kijani ambayo wanafunzi waliamini alizaliwa nayo. Hakungoja darasa. Ungekuta amesimama nyuma yako kwenye foleni ya githeri, sahani mkononi, na kabla hujachota anakuambia, "Kilo tisa. Anashikwa na degedege, mshipa hauonekani. Sekunde ishirini." Ukichelewa alitikisa kichwa, akasema kwa upole, "Pole mama, tumempoteza," akachota chakula chake. Kananu alipoteza watoto wengi kwenye foleni ile, na mara nyingi alikosa pia hamu ya githeri.

Sheria za Theuri zilikuwa mbili, na kila mwanafunzi angeweza kuzisema usingizini. Ya kwanza ilihusu kilo. Mizani kwanza. Kama hakuna mizani, kadi ya kliniki. Kama hakuna kadi, umri: chukua miaka yake, ongeza nne, zidisha kwa mbili. Macho yako ni ya mwisho kabisa, kwa sababu macho ya mtu mwenye woga hudanganya. Ya pili ilihusu mdomo. Anayeshika sindano aseme kwa sauti kilo, miligramu na mililita, na mwenzake arudie yote neno kwa neno kabla dawa haijagusa mtoto. Hata Mzee Wambugu, dereva, aliyeacha shule darasa la nne, alikuwa amefundishwa kurudia, na alirudia kwa heshima kama mtu anayeitikia kanisani.

Kati ya yote hayo Kananu aliipenda kadi ya kliniki. Ni karatasi ngumu yenye mistari, ina jina la mtoto na kilo za kila mwezi zilizoandikwa na muuguzi aliyekunywa chai na kutulia. Karatasi haitetemeki. Yeye alitetemeka, basi akajiambia kwamba siku itakapofika, ataishika kadi na kadi itamshika.

Siku yenyewe ilifika Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, juu kwenye mashamba ya chai, mbele ya Othaya.

Walikuwa wameitwa kumchukua mama mmoja aliyeshindwa kujifungua kwenye zahanati ya mlimani. Theuri alikaa mbele na Wambugu, Kananu nyuma na vifaa. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, lakini kazi yake ilikuwa imeifanya usiku kucha. Walipozunguka kona ya tatu walikuta nusu ya mlima imekaa barabarani, udongo mwekundu na miti ya chai ikiwa bado imesimama juu yake. Wambugu alizima injini ya Landrova, akasema hapo hata trekta ingeomba radhi.

Kutoka hapo hadi zahanati ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Theuri alivaa gambuti, akachukua mkoba wa kuzalishia, na ile mizani ya kuning'iniza akaitia ndani kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Kisha akamkabidhi Kananu ufunguo wa sanduku la dawa.

"Mtu akikuja na shida, fanya yenye unajua," akamwambia. "Sema kwa nguvu, Wambugu arudie. Redio haishiki hapa, kwa hivyo usipoteze wakati nayo."

"Na kama ni mtoto, mwalimu?"

Theuri alimtazama. "Mtoto ni mtu," akasema, akaanza kupanda.

Kananu alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari akiwa ameshika ufunguo kwa mikono miwili. Aliomba kwa Kimeru asije mtu. Ombi hilo halikupita hata robo saa.

Alimwona kwanza kama kitu cheusi kikiteremka kati ya mistari ya chai. Kilipofika karibu kikawa mwanamke mzee mwenye gambuti, shuka begani, mtoto mgongoni, na mfuko wa plastiki mkononi. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akikimbia namna wazee wanavyokimbia, kwa hatua fupi na pumzi ya kukwaruza, na kichwa cha mtoto kilikuwa kikigonga bega lake bila mpango.

"Anashikwa," akasema alipofika. "Msichana ya kijana yangu. Anashikwa tangu nikoroge uji."

"Ni saa ngapi hiyo, Cucu?" Kananu akauliza, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Uji imeiva, na imepoa."

Kananu alipiga hesabu ya uji na mwendo wa njia, ikampa zaidi ya nusu saa. Alimpokea mtoto akamlaza kwa ubavu kwenye kitanda cha gari. Alikuwa amefungwa kama mzigo wa posta: kofia ya sufi iliyofunika mpaka nyusi, sweta juu ya sweta, shuka, suruali mbili. Uso ulioonekana ulikuwa wa mviringo, macho yamepinduka, meno yamebana, na mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vikirushwa kwa mpigo mmoja usiochoka. Alikuwa na joto la sufuria. Kananu alifuta povu, akamwekea hewa ya oksijeni, akajaribu kutafuta mshipa mkononi, hakuona hata kivuli cha mshipa.

Kwenda hospitali kwa matope yale ni saa moja na zaidi. Mtoto anayeshikwa nusu saa hana saa moja ya kungoja. Ilibidi apewe dawa ya kukata degedege, apewe kwa njia ya haja kubwa kwa kuwa mshipa haupo, na apewe na Kananu. Dawa hiyo ikiwa kidogo, degedege haikomi. Ikizidi, inazima degedege na pumzi pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na dawa ikishaingia kwa mtoto haiombwi irudi.

"Kilo ngapi?" akajiuliza kwa sauti, na sauti ikatoka nyembamba. Mizani ilikuwa imepanda mlima. "Cucu, uko na kadi ya kliniki?"

Bibi alikuwa ameshaitoa kwenye mfuko. "Hii hapa. Kadi ya Wachuka."

Kananu karibu aibusu. Juu iliandikwa Wachuka Ngatia kwa herufi safi, na mstari wa kilo ulipanda vizuri mwezi hadi mwezi mpaka Oktoba: kumi na nne kamili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Nusu miligramu kwa kila kilo, miligramu saba. Kichupa kina miligramu kumi katika mililita mbili. Akaandika kwenye kiganja, akagawanya, akagawanya tena.

"Kilo kumi na nne," akasema. "Miligramu saba. Mililita moja nukta nne."

Wambugu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Kilo kumi na nne. Miligramu saba. Mililita moja nukta nne," akarudia, neno kwa neno. Mzee wa watu alirudia vizuri sana. Kitu alichopewa ndicho alichorudisha.

Kananu alivunja kichupa, akavuta dawa mpaka kwenye alama, akatoa chuma cha sindano. Ilibaki kumvua mtoto. Alimwinua mguu, akavuta suruali ya kwanza, ya pili, akafungua kitambaa.

Ngozi ya makalio ilikuwa imekunjamana kama soksi iliyolegea.

Kananu alisimama hapo, mguu wa mtoto katika mkono mmoja, sindano katika mwingine. Paja lilikuwa jembamba, na goti ndilo lililokuwa nene kuliko paja. Huyu hakuwa mtoto wa kilo kumi na nne. Hapohapo sauti ya Theuri ikamjia, ile ya darasani: macho ya mtu mwenye woga hudanganya. Naye alikuwa na woga wa kujaza debe. Karatasi imeandikwa na muuguzi. Wewe ni nani, muuaji wa watoto kumi na mmoja, ubishane na kadi? Midomo ya mtoto ilianza kuwa na rangi ya zambarau. Mkono uliokuwa na sindano uliteremka kidogo, kwa sababu kutii karatasi ni rahisi kuliko kufikiri, na alihisi kabisa namna ambavyo angeweza kumaliza jambo hili sasa hivi, kwa kufuata sheria, bila mtu kumlaumu.

"Cucu," akasema, "mama ya huyu mtoto anaitwa nani?"

"Watiri."

Aliinama juu ya kadi. Mahali pa jina la mama paliandikwa Ngendo.

"Ngendo ni nani?"

"Ngendo ameolewa na Muriithi," bibi akajibu, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata kuku wanalijua. "Hiyo ni kadi ya Wachuka wa Muriithi. Huyu ni Wachuka wa Kingori."

Kananu aliweka sindano chini, maana ilikuwa imeanza kumponyoka.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa Wachuka wa kwanza. Wanawe wawili, Kingori na Muriithi, kila mmoja alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yake, ndivyo inavyopasa, na mwana asiyefanya hivyo ataulizwa alizaliwa na nani. Wote wawili hutumia jina la baba yao, Ngatia. Watoto walilala nyumba moja, walikwenda kliniki siku moja kwa mgongo na mkono wa bibi mmoja, na kadi zao zilikaa katika mfuko mmoja wa plastiki chini ya godoro lake. Hakuwa amesoma. Katika haraka ya asubuhi alichomoa humo kadi moja tu, nyingine ikabaki chini ya godoro, na aliyoileta ilikuwa kweli kadi ya Wachuka.

"Wachuka ni wangapi hapo nyumbani?" Kananu akauliza haraka, akihofia kwamba kuna wa tatu.

Mzee alikaza mdomo. "Wako," akasema.

Kananu hakurudia swali. Kwao pia watoto hawahesabiwi kwa mdomo, na yeye mwenyewe alikua katika boma lenye akina Kananu wengi, jina likiitwa hujui ni nani aitike. Lilikuwa jambo analolijua tangu kunyonya, na bado woga ulikuwa umelifunika asilione.

Sasa hakuwa na mizani, hakuwa na kadi. Umri? Mtoto alikuwa wa miaka miwili kasoro miezi mitano, akasema bibi. Hesabu ya miaka ingempa kilo kumi na moja, na kilo kumi na moja ilikuwa uongo vilevile. Mama yake, Watiri, alikuwa akipika katika hoteli moja mjini Kenol na kurudi mwisho wa mwezi, mtoto ameachishwa ziwa mapema, na tangu mvua ianze alikuwa na kuhara kusikokwisha. Bibi aliyasema hayo akitazama matope. Mguu wa mtoto uliendelea kuruka.

Kananu alitazama ile gambuti, ile shuka, na mabega ya mzee yaliyochongwa na kamba. Swali likamtoka kabla hajalipima.

"Cucu, wewe unachuma majani chai?"

"Nachuma. Tangu kijana."

"Unabeba mpaka kituo, wanapima. Ukibeba kikapu unajua kilo kabla ya mizani?"

"Najua."

"Huyu, vile ulimbeba saa hii, ni kilo ngapi?"

Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Mtoto si majani," akasema. "Mtu hapimwi kwa mgongo kama majani."

"Cucu, nisikie." Kananu alikuwa akilia na hakujua ameanza lini. "Hii dawa inaenda na kilo. Nikikosa kilo, ataacha kupumua hapa mbele yako. Mimi sijui kilo yake. Wewe ndio unajua."

Wachuka mkubwa alifumba macho. Akainamisha mgongo, akavuta mabega mbele kidogo, akakaa hivyo kwa muda ambao kwa Kananu ulikuwa wa mwaka. Mtoto alikuwa kitandani, lakini mgongo wa bibi ulikuwa bado umemshika.

"Nane," akasema. "Nane na nguo. Karani ya chai angeandika saba, lakini huyo ni mwizi."

"Na nguo zote?"

"Na nguo zote na shuka."

Kananu alishika sweta, shuka na kofia, akazipima kwa mkono. Nusu kilo, labda na zaidi kidogo. "Kilo saba na nusu," akasema, na safari hii sauti ilifika mlangoni. "Miligramu tatu nukta saba tano. Mililita sifuri nukta saba tano. Robo tatu, Mzee Wambugu. Haifiki moja."

"Kilo saba na nusu. Miligramu tatu nukta saba tano. Mililita sifuri nukta saba tano. Robo tatu, haifiki moja," Wambugu akarudia, akatazama sindano iliyojaa, akaelewa, na kofia yake ikaanza kuzunguka mikononi.

Kananu alisukuma dawa ya ziada ikadondoka matopeni. Ilikuwa karibu nusu ya sindano. Iliyobaki aliiingiza polepole, akabana makalio ya mtoto kwa vidole, akatazama saa yake.

Dakika ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili vilevile. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, ila hawakusema kicheko chenyewe hukawia kiasi gani njiani. Katika dakika ya tatu alianza kufikiri kwamba bibi amekosea na yeye amekosea zaidi, kwamba zile kumi na nne zilikuwa za kweli na alichomwaga matopeni kilikuwa uhai. Katika dakika ya nne mguu uliruka, ukakawia, ukaruka tena, ukatulia. Meno yakaachana. Mkono mdogo ukafunguka juu ya shuka.

Hapo ndipo alipoogopa kupita yote. Mtoto aliyenyamaza huenda amepona, na huenda amekwenda. Aliweka kiganja kifuani akaanza kuhesabu pumzi, jicho kwenye saa, barakoa ndogo ya kupulizia hewa imeshikwa tayari kwa mkono wa pili. Ishirini na nane. Ishirini na mbili. Kumi na tisa, na zilikuwa fupi, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kuzeeka ndani yake. Alimwita, "Wachuka. Wachuka." Bibi yake akaitika kwa kutojua, akiwa amekaa kwenye matope kando ya gurudumu. Kumi na nane. Kumi na nane tena. Akajua kwa uhakika, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba kama ile nusu nyingine ingekuwa ndani, mkono wake usingekuwa ukiinuliwa na kitu chochote.

Ishirini. Kisha mtoto alikunja uso, akatoa kilio chembamba cha kukereka, na Wambugu akaenda mbele ya gari akajifanya anakagua matairi.

Theuri alirudi saa sita, matope mpaka magotini. Mama wa zahanati alikuwa amejifungua salama kabla hajafika. Alimkuta mtoto amelala, pumzi ishirini na nne, bibi ameshika mguu mmoja na Kananu ameshika mwingine. Aliuliza kilo, dawa, mililita, njia, saa. Alijibiwa. Alimtazama mtoto, akaitazama kadi, akamtazama tena mtoto, kisha akamwambia Wambugu ageuze gari kuelekea mjini.

Wodini walimpima. Mizani ilisimama kwenye saba nukta nne.

Alasiri ile Theuri alimwita ofisini kujaza kitabu cha safari. Ni kitabu kikubwa cha jalada jeusi, kila mgonjwa na kila dawa huandikwa humo, na kosa la dozi kwa mgonjwa wa kweli hupelekwa kwa kamati. Wanafunzi wawili wa mwanzo wa mwaka walikuwa wamerudishwa kwao kwa sababu ya kitabu hicho. Kananu aliandika jina, saa, kilo saba na nusu, robo tatu ya mililita. Kalamu yake haikuinuka.

"Iko nini tena?" Theuri akauliza.

"Nilikuwa nimevuta moja nukta nne, mwalimu."

"Wambugu aliniambia."

"Nataka kuandika."

"Haikuingia. Yenye haikuingia haiandikwi."

"Nilikuwa nimetoa chuma. Nilikuwa nimeinua mguu yake." Aligusa ukurasa kwa kidole. "Sikukosea sheria, mwalimu. Nilifuata. Mizani hakuna, nikaenda kwa kadi. Na huku kila nyumba iko na kadi mbili za jina moja."

"Ukiandika, kamati itakuita. Unaweza kurudi kwenu bila cheti."

"Najua." Alirudisha ncha ya kalamu kwenye mstari. "Lakini cucu mwingine atakuja na kadi ya wajina."

Theuri alivuta kiti akakaa. Kwa muda alisugua tope lililokauka kwenye kifundo cha mkono wa sweta yake. Alipoongea alikuwa akiliongelesha lile tope.

"Mimi yangu iliingia," akasema. "Kilo tano. Nukta moja tu. Nilikuwa na miaka kama yako." Akabandua kipande cha tope. "Mama yake alinishukuru, ati nilijaribu. Wiki ingine akaniletea ndizi. Nikazichukua. Ukitafuta kwa kitabu ya hiyo mwaka hutapata kitu."

Kananu aliinama akaandika yote: kadi ya nani, kilo kumi na nne, mililita moja nukta nne, ziada ilimwagwa kabla ya mtoto kupewa, na sababu. Akaweka sahihi. Mstari wa sahihi ulipinda, lakini jina lilisomeka.

Theuri alisoma mpaka mwisho, akatia sahihi yake chini ya ile ya Kananu. Kananu alidhani wamemaliza, akaanza kuinuka. Mwalimu akanyoosha mkono, akaomba kalamu tena, akakivuta kitabu upande wake. Akafungua ukurasa mpya. Juu kabisa aliandika tarehe ya mwaka wa sabini na tisa, na chini yake, bila kusimama kukumbuka, jina la yule mtoto wa kilo tano.